Pazia Linalojifunga Lenyewe: Kazi Ngumu Si Kuvuta, Ni Kusimama



Katika ukurasa huu ninataka kueleza namna gani mtu anaweza kufanya pazia la dirisha lipande na lishuke lenyewe, bila mkono, na bila kumaliza feza za nyumba. Nitaeleza kwa fisika ile ile tunayosoma kalasini. Yule anayesema kwamba newton na joule ni maneno ya egzameni tu, asome mpaka mwisho.

Jambo moja ninaomba mlishike tangu sasa. Watu wengi wakisikia habari ya pazia la umeme, wanauliza kwanza: moteri yake iko na nguvu gani? Hilo ndilo swali jepesi. Swali gumu ni hili: moteri itajuaje kwamba imefika, ili isimame? Kuvuta ni kazi ya nusu dakika. Kusimama ndiyo kazi yenyewe.

1. NI PAZIA GANI?

Ninasema juu ya pazia la kuviringisha. Siyo ile rido tunayotundika juu ya fimbo kwenye mlango wa nyumba. Pazia la kuviringisha ni kitambaa kigumu kidogo kilichozungushwa juu ya bomba jembamba la aluminyumu au la chuma. Bomba linalala juu ya dirisha. Chini ya kitambaa kuna fimbo nzito inayokinyoosha. Kando kuna kamba ya shanga za plastiki inayofanya duara: ukivuta upande mmoja pazia linapanda, ukivuta upande mwingine linashuka. Mafundi wa mjini wanaliita kwa Kifaransa store. Tunaliona katika maofisi, katika mahospitali, na katika nyumba nyingi mpya.

Wazo la kulisaidia pazia lipande si jipya. Mwaka 1864 Mmarekani Stewart Hartshorn alipata hati ya uvumbuzi wa bomba lenye resori ndani yake. Ukivuta pazia chini, resori inakazwa. Ukiliachilia, resori inalirudisha juu. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, katika 1969, kampuni Somfy ilianza huko Ufaransa, katika mji wa Cluses, nayo ikajulikana kwa moteri nyembamba inayoingia ndani ya bomba lenyewe. Hiyo ni kazi safi sana. Lakini moteri moja ya namna hiyo mara nyingi inafika dola mia moja au zaidi. Nyumba yenye madirisha sita ihesabu yenyewe. Ndiyo maana tunatafuta njia ya pili.

2. JUU YA NINI KUJISUMBUA?

Wengine watacheka: "We kaka, na mkono wako iko na kazi gani?" Wana haki. Mwenye mikono mizima na miguu miwili hahitaji moteri kwa pazia moja. Avute kamba, aende zake.

Lakini tuwafikirie watu wengine. Kuna mzee ambaye kusimama toka kitini ni safari. Kuna mtu aliyepatwa na kiharusi, analala siku nzima mbele ya dirisha la magharibi. Jua la saa tisa linamchoma uso, naye hawezi kufikia kamba. Anafanya nini? Anaita mtoto. Mtoto yuko masomoni, au ameenda kuchota maji. Anangoja. Kesho anaita tena. Baada ya siku nyingi anaanza kunyamaza, kwa sababu anaona haya kuita watu kila saa juu ya jua. Anageuza uso ukutani.

Kwa mtu huyo, kidude cha kubonyeza kando ya kitanda si mchezo wa matajiri. Ni kurudishiwa amri juu ya mwanga wa chumba chake mwenyewe. Kuna tena madirisha ya juu ambayo hayafikiwi bila ngazi, na vyumba vya vitabu na mashine ambamo jua la kila siku linaharibu vitu. Lakini mimi, nikiandika, ninamfikiri kwanza yule wa kitandani. Kazi yote tuipime kwake: je, atakitumia chombo hiki peke yake, pasipo kumwita fundi kila juma?

3. PIMA KWANZA, KWA MAJI

Usinunue moteri kabla ya kupima. Tuchukue pazia lenye upana wa mita 1.20 na urefu wa mita 1.50. Kama mita mraba moja ya kitambaa ina uzito wa gramu 300, kitambaa chote kina gramu 540. Ongeza fimbo ya chini ya gramu 500. Jumla ni kilo moja na kidogo, ni kusema nguvu ya newton 10 hivi.

Kuinua kilo moja kwa mita 1.50 ni kazi ya joule 15 tu. Ni kama kuokota chupa ya lita moja ya maji chini na kuifikisha begani. Mtoto wa miaka mitano anaweza. Mnaona basi kwamba kuvuta si tatizo.

Lakini moteri haiinui moja kwa moja, inazungusha. Kwa hiyo tunahesabu momenti: nguvu mara nusu-kipenyo. Bomba la kipenyo cha milimita 32 lina nusu-kipenyo cha mita 0.016. Newton 10 mara 0.016 inatoa newton-mita 0.16. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Katika nyumba kuna vumbi, kuna bomba lililopinda, kuna msuguano. Namna gani kupata hesabu ya kweli bila vyombo vya maabara?

Shusha pazia lote mpaka chini, kwa sababu hapo ndipo uzito wake unakuwa mkubwa zaidi. Funga chupa tupu ya plastiki kwenye upande wa kamba unaopandisha. Mimina maji kidogo kidogo mpaka pazia lianze kupanda lenyewe. Soma lita ngapi zimeingia. Kila lita ni newton 10. Kama ulimimina lita mbili na nusu, hiyo ni newton 25. Gurudumu la kamba likiwa na nusu-kipenyo cha mita 0.016, momenti ni 0.4. Sasa zidisha kwa mbili, ili kuwe na akiba: 0.8. Tafuta basi moteri ya newton-mita 1, na usitafute zaidi.

Ikiwa chupa inajaa na pazia halisogei, hapana kukimbilia moteri kubwa. Panda ngazi, panguza vumbi, nyoosha bomba, tazama kama kitambaa kinakwaruza ukuta. Kazi hiyo haina bei, nayo inaweza kupunguza mzigo kwa nusu.

4. KUCHAGUA MOTERI

Hapa chini ni moteri ambazo mtu anaweza kupata sokoni, au katika vyuma vilivyokufa.

(a) Moteri ya magari ya watoto, ile ya rangi ya manjano yenye meno ya plastiki. Nguvu yake haifiki newton-mita 0.1. Haiwezi kupandisha pazia letu. Inaweza tu kugeuza vibao vya pazia la vibao, kwa sababu kugeuza si kuinua.

(b) Moteri ya mashine ya kuchapa ya kompyuta iliyoharibika. Inazunguka mbio sana lakini haina nguvu. Bila meno ya kuipunguza mwendo haifai.

(c) Turnevisi ya batri ambayo batri yake imekufa. Ndani kuna moteri pamoja na meno mazuri, na nguvu ni ya kutosha. Lakini inazunguka mbio mno kwa kazi yetu, tena inataka volti 3.6 hivi. Ukiipa 12 utaichoma.

(d) Moteri ya kupandisha vioo vya gari, kutoka garaji. Ni ya volti 12, ni ya kuaminika. Lakini nguvu yake inapita mahitaji yetu mara nyingi. Ikikosa kusimama, inaweza kung'oa bomba pamoja na visi zake ukutani.

(e) Moteri ndogo mpya ya volti 12 yenye gia ya visi, mizunguko 30 kwa dakika. Wauzaji wa vyombo vya elektroniki wanazo. Kwa mtazamo wangu, hii ndiyo inayofaa kuliko zote.

Gia ya visi ni nini? Ni ile ambayo katika masomo inaitwa kwa Kifaransa vis sans fin. Visi inazungusha gurudumu la meno, jino moja kwa kila mzunguko. Lakini gurudumu haliwezi kuizungusha visi. Kwa hiyo umeme ukikatika, pazia linabaki pale lilipo, halianguki. Tena, bomba lenye kamba ya shanga kwa kawaida lina breki ndani ya kichwa chake, ambayo inashika kitambaa mpaka kamba ivutwe. Ukivuta kwa njia ya kamba, breki hiyo ni yako bure.

Sasa hesabu ya mwendo. Mzunguko mmoja wa bomba letu unakunja sentimita 10 za kitambaa, na zaidi kidogo kadiri kitambaa kinavyonenepa. Kwa mita 1.50 tunahitaji mizunguko 13 hivi. Kama gurudumu la moteri ni sawa na lile la juu, kwa mizunguko 30 kwa dakika, pazia linafika katika nusu dakika. Haraka ya nini zaidi?

Gurudumu linaloshika kamba linapaswa kuwa na vishimo vya kulala shanga. Gurudumu laini litateleza. Tafuta pazia lililoharibika, toa gurudumu lake la kamba, ulifunge kwenye mti wa moteri. Shanga zitalala sawasawa.

5. NAMNA YA KUSIMAMA

Tumefika kwenye moyo wa habari. Moteri ni kama mfanyakazi mwenye nguvu lakini kipofu. Fimbo ya chini ikigonga juu, moteri haijui. Inaendelea kuvuta. Kwa sababu haiwezi kuzunguka, umeme unaopita ndani yake unaongezeka mara nyingi, nyuzi zake zinapata moto, na moshi unatoka. Au kitambaa kinapasuka. Au kamba inakatika. Kadiri moteri ilivyo kubwa, ndivyo hasara inavyokuwa kubwa. Kwa hiyo yule anayenunua moteri kubwa "kwa usalama" amefanya kinyume.

Dawa yake ni swichi mbili za mwisho, ni kusema swichi za mwisho wa safari. Ni vidude vidogo vyenye ulimi wa chuma na kelele ya "tik". Vinapatikana katika mashine nyingi zilizokufa. Kimoja kinafungwa juu, mahali fimbo ya chini inapofikia ikipanda. Kingine kinafungwa kwenye kizingiti cha dirisha, mahali fimbo inapotua. Tumia miguu miwili ambayo kwa kawaida imeshikana, na inaachana wakati ulimi unapobonyezwa.

Ungesema: basi, waya wa moteri upite katika swichi zote mbili, moja baada ya nyingine, imekwisha. Bado! Fikiri. Pazia limefika juu, swichi ya juu imekata umeme. Sasa unataka lishuke. Umeme utapita wapi? Njia imekatwa. Pazia litabaki juu milele.

Hapo tunaleta diodi. Diodi ni kama valvu ya mpira wa kinga: upepo unaingia, hautoki. Umeme unapita upande mmoja tu. Funga diodi moja kando ya kila swichi, kama njia ya kuzungukia daraja lililovunjika. Diodi ya swichi ya juu inaruhusu tu umeme wa kushuka. Diodi ya swichi ya chini inaruhusu tu umeme wa kupanda. Hivi swichi ya juu ikifunguka, kupanda kunakatazwa lakini kushuka kunaruhusiwa. Diodi ya namba 1N5408 inabeba ampere 3, inatutosha.

Kubadili upande wa moteri ni kubadilisha plus na minus. Tunatumia swichi ya miguu sita yenye nafasi tatu: juu, katikati, chini. Miguu miwili ya katikati inaenda kwenye moteri. Miwili ya upande mmoja inapokea plus na minus ya batri. Miwili ya upande mwingine inapokea zile zile, lakini zimevukana kama herufi X. Katikati hakuna umeme.

Kabla ya kufunga chochote ukutani, panga vyote juu ya meza na ujaribu. Washa moteri upande wa kupanda, kisha bonyeza kwa kidole swichi ya juu:

— Moteri ikisimama, na ukigeuza swichi kubwa ikazunguka kinyume, kazi ni nzuri.
— Moteri isiposimama, diodi imegeuzwa, au swichi ya juu na ya chini zimebadilishana mahali.
— Moteri ikisimama lakini ikakataa kurudi, diodi imekufa au haikushika vizuri.

Fanya vile vile kwa upande wa kushuka. Dakika tano juu ya meza zinaokoa saa tatu juu ya ngazi.

Kuna mlinzi wa tatu: fyuzi ya ampere 3 karibu kabisa na plus ya batri. Fyuzi ni waya mdogo unaokubali kufa ili vingine vibaki vizima. Hapana kuweka msumari au karatasi ya sigara mahali pake!

Onyo moja zaidi. Pazia likishuka, moteri haisukumi. Uzito wa fimbo ndio unaovuta. Mtu akiacha kitabu au kikombe kwenye kizingiti, fimbo inakaa juu yake, swichi ya chini haibonyezwi, na bomba linaendelea kufungua kitambaa mpaka lianze kukikunja kwa nyuma. Kwa hiyo kizingiti kibaki wazi siku zote.

6. SAA AU MACHO YA JUA?

Mpaka hapa tuna pazia linalotii kidole. Kwa mgonjwa wetu hiyo peke yake ni kubwa. Lakini tulisema "lenyewe". Nani atatoa amri?

Wengine wanapenda kutumia kidude kinachoona mwanga, yaani rezistansi inayobadilika kwa nuru. Ni cha bei ndogo. Lakini tazameni mawingu ya nchi yetu wakati wa mvua. Jua linatoka, pazia linashuka. Wingu linapita, pazia linapanda. Jua tena, chini tena. Mchana mmoja litakuwa limetembea mara hamsini, na mgonjwa hatalala. Ukikitumia, lazima ukiongezee kitu cha kukichelewesha, ili kisikubali kila wingu. Tunarudi pale pale: kujua kusimama.

Saa ni bora, na hapa sisi tuna bahati. Huko Bruxelles jua linatua karibu na saa nne usiku katika Juni, lakini katika Desemba linatua kabla ya saa kumi na moja jioni. Mtu wa huko lazima abadilishe saa ya pazia lake mwaka mzima, au anunue mashine yenye kalenda. Bukavu iko digri mbili na nusu tu kusini ya ikweta. Jua linatua karibu na saa kumi na mbili jioni, Januari kama Julai, tofauti ni dakika chache. Kwa hiyo saa ndogo ya volti 12, ile ya kuwasha na kuzima, ukiipanga mara moja inatosha. Kwa dirisha la magharibi: saa sita mchana pazia lishuke, saa kumi na moja jioni lipande. Kwa dirisha la mashariki, geuza: asubuhi lishuke, saa sita lipande.

Saa inaungwa namna gani? Mahali pa swichi ya miguu sita weka rele ya njia mbili, ile yenye miguu minane. Rele isipopata umeme, moteri inapokea upande wa kupanda. Rele ikipata, upande wa kushuka. Hakuna haja ya kuhesabu sekunde, kwa sababu swichi za mwisho zinasimamisha moteri zenyewe. Mnaona faida? Tuliyemfundisha kusimama, tunaweza kumwachia kazi.

Kando ya kitanda weka swichi ya nafasi tatu inayolisha rele: upande mmoja "saa", katikati "juu", upande mwingine "chini". Mgonjwa akitaka mwanga wakati saa imefunga, anaweka katikati. Ongeza swichi moja kubwa ya kukata umeme wa moteri, ili pazia liweze kubaki nusu njia. Chagua swichi zenye kichwa kikubwa, kwa maana mkono dhaifu haushiki kitu chembamba.

7. UMEME WA KUTOSHA

Usiguse kabisa umeme wa ukuta wa volti 220. Kazi yote hii ni ya volti 12. Batri ndogo ya volti 12 na ampere-saa 7 inatosha, pamoja na plaka ya jua ya wati 10 na kidude chake cha kulinda batri.

Tufanye hesabu ya siku moja. Moteri inakula ampere 1 kwa sekunde 30, mara mbili: hiyo ni ampere-saa 0.017 tu. Rele inakula karibu milliampere 40 kwa saa tano: ampere-saa 0.2. Saa yenyewe inakula kidogo sana. Tukikubali kutumia nusu ya batri, pazia litafanya kazi zaidi ya siku kumi hata bila jua.

Siku hizi kuna vidude vidogo vya kompyuta vinavyopokea amri kwa simu, kwa njia ya Wi-Fi. Ni vya bei ya chini, na vijana tunavipenda. Lakini kidude kimoja cha namna hiyo, kikisikiliza usiku na mchana, kinaweza kula milliampere 80. Kwa saa 24 hiyo ni ampere-saa 1.9, mara mia na zaidi kuliko moteri! Nusu ile ile ya batri haitamaliza siku mbili. Tena, simu ikikosa moto, mgonjwa amekosa dirisha. Kwa anayejifunza, kidude hicho ni mwalimu mzuri. Kwa yule wa kitandani, swichi inashinda.

Kuhusu bei, weka feza zako kwanza kwenye batri na plaka ya jua, kisha moteri. Swichi, diodi, rele na fyuzi ni vitu vidogo. Na kama nyumba ina batri na plaka ya taa tayari, za volti 12, sehemu kubwa ya bei imekwisha kulipwa.

8. KAMBA NA SHINGO YA MTOTO

Sehemu hii hapana kuiruka. Kamba ya pazia inayoning'inia kwa duara ni hatari ya kifo kwa watoto wadogo. Mtoto anacheza, anaingiza kichwa, anateleza, kamba inamnyonga pasipo kelele. Watoto wamekufa hivyo katika nchi nyingi. Ulaya, kanuni inayoitwa EN 13120 ilikazwa katika 2014 juu ya jambo hilo, na inataka kamba za duara zisiwe huru mahali mtoto anapofika.

Pazia la moteri linaweza kuondoa hatari hiyo, au kuiongeza. Moteri ikifungwa vizuri, kamba inakazwa kati ya gurudumu la juu na gurudumu la moteri, na hakuna nafasi ya kichwa kupita. Toboa matundu marefu kwenye kibao cha moteri, ili uweze kukaza kamba ikilegea. Funga moteri juu, zaidi ya mita moja na nusu toka chini, na uifunike kwa sanduku dogo la mbao. Lakini ukiacha kamba inalegea, umetengeneza kitanzi chenye moteri. Afadhali basi kuacha kazi yote.

9. MPANGO WA KAZI

Kwa kumalizia, huu ndio utaratibu:

Kwanza, safisha pazia na ulipime kwa chupa ya maji.
Pili, tafuta moteri ya nguvu iliyopimwa, siyo zaidi.
Tatu, unga swichi mbili za mwisho, diodi mbili na fyuzi, ujaribu juu ya meza.
Nne, funga ukutani, kaza kamba, funika.
Tano, tumia swichi ya mkono kwa juma moja zima, ukitazama kila mara kama linasimama vizuri.
Sita, ndipo uweke saa.

Usiweke saa siku ya kwanza. Chombo ambacho hakijaonyesha kwamba kinajua kusimama mbele ya macho yako, hakifai kuachwa peke yake na mtu asiyeweza kuinuka.

Wale wanaosoma umeme mwaka huu, nina swali kwenu. Ile swichi ya chini haioni kitabu kilichosahauliwa kwenye kizingiti. Je, mnaweza kuongeza swichi moja ya tatu ambayo itasimamisha moteri wakati kitambaa kinapolegea? Chora mpango wake kwenye karatasi, umpe mwalimu wa fisika, na mzuri kuliko yote uchapwe katika ukurasa huu.

Kapita wa wanafunzi,
kalasi ya mwisho